"Walimfungua, wakamfunga": hesabu inayokosekana kwenye faili

Kuna sentensi ambayo hapa Mombasa haihitaji maelezo. Isikie barazani Kibokoni au ndani ya matatu ya Mtwapa, utajua mengine yote bila kuuliza: "Walimfungua, wakakuta imeenea, wakamfunga." Wasikilizaji huinamisha vichwa, yuko atakayevuta tasbihi, na mgonjwa mwenyewe, ambaye pengine saa hiyo yuko wodini anakunywa uji wa mchele, huanza kusimuliwa kama aliyekwisha kwenda. Sentensi hiyo imebeba hukumu mbili: kwamba madaktari wameshindwa, na kwamba kule kufungua ndiko kulikoichokoza saratani. Naona hukumu zote mbili zimekosea. Isitoshe, zimetufanya tusidai kitu ambacho ni haki yetu.

Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, mazungumzo ya saratani huku Pwani yamekuwa ya pesa na mashine. Kifurushi cha saratani kilianza na kikomo cha shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka, 400,000 kutoka bima yenyewe na 150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu, na ubishi haujaisha kama fedha hizo zinatosha (anayeuliza hajawahi kulipia dawa za kemo). Tunataka mashine zaidi za mionzi, tunataka skani zisizoharibika kila baada ya miezi mitatu. Ni madai ya haki. Ila kwa saratani za tumboni, yaani za ovari, mfuko wa chakula, utumbo mpana na kidole tumbo, uamuzi mzito kuliko yote mara nyingi hutegemea zile dakika ambazo tumbo liko wazi na mpasuaji anatazama ugonjwa umefika wapi. Kutazama huko ni kipimo kamili, chenye kanuni zake na namba yake, wala hakihitaji mashine ya mamilioni. Familia inayotoka hospitalini bila namba hiyo imetoka bila majibu ya kipimo ambacho mgonjwa wao alikilipia kwa kidonda cha shubiri nzima.

Ili hoja hii isikae hewani, tuingie tumboni kidogo. Utandawazo, ule utando laini unaong'aa ambao umezunguka ukuta wa tumbo kwa ndani na kuvifunika viungo vyake, ukikunjuliwa eneo lake hukaribia lile la ngozi ya mwili mzima. Saratani ikitoboa ukuta wa kiungo ilichoanzia, seli zake hudondokea kwenye majimaji yaliyomo humo na kuchukuliwa na mkondo wake: huzunguka na pumzi hadi chini ya kiwambo cha mapafu, hutuama nyongani, hukwama kwenye lile pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo. Hapo huota. Mwanzoni huwa vijipunje vyeupe, vigumu, vidogo kama chenga za mchele. Baadaye pazia lile hugeuka likawa bamba gumu ambalo mkono wa daktari hulihisi hata kabla ya kisu. Mwaka 1996, Jacquet na Sugarbaker waliandika kanuni ya kuuhesabu mtawanyiko huo. Tumbo hugawanywa katika maeneo 13: la katikati, manane yanayolizunguka kutoka chini ya ini hadi nyongani na kurudi juu, kisha utumbo mwembamba hugawanywa vipande vinne. Kila eneo hupewa alama kwa ukubwa wa uvimbe mkubwa kuliko yote ulioonekana humo. Sufuri ni kama hakuna kitu. Moja ni hadi nusu sentimita. Mbili ni hadi sentimita tano. Tatu ni zaidi ya hapo, au punje zilizoshikana zikawa kitu kimoja. Jumla ya juu kabisa ni 39. Madaktari huiita PCI.

Namba inasema nini? Chukua wagonjwa wawili. Wa kwanza ana mabonge matatu makubwa, moja nyongani, moja kwenye pazia la mafuta, moja upande wa kulia, na kwingine kote ni safi: jumla ni 9. Wa pili hana bonge hata moja, lakini kila eneo kati ya yale 13 limenyunyiziwa chenga: jumla ni 13. Anayesikiliza barazani atasema wa kwanza ndiye hoi, maana daktari alisema "uvimbe mkubwa". Mpasuaji ataona kinyume. Mabonge matatu huenda yakatolewa yote. Chenga zilizotapakaa juu ya utumbo mwembamba wote hazitoleki, kwa sababu huwezi kumwondolea mtu mita zote za utumbo anaopitishia chakula akabaki hai. Kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa kwenye utandawazo, wapasuaji wengi husita jumla ikipita karibu 20. Ya mfuko wa chakula ni kali zaidi na mpaka wake uko chini sana ya hapo. Neno "imeenea" huwameza wagonjwa wote hawa kwa mkupuo mmoja.

Watu husema: kwani skani si itaonyesha? Hii ni hoja ya maana, na ingekuwa kweli ningeifunga makala hapa. Skani ya CT huona mabonge, huona maji yaliyojaa tumboni, huona ini na mapafu vizuri kuliko jicho lolote. Isichokiona sawasawa ni zile chenga za milimita mbili tatu, hasa zikiwa juu ya utumbo unaojikunja na kucheza. Yule mgonjwa wa pili mwenye 13 anaweza kurudi na ripoti inayosema tumbo halina tatizo kubwa. Ndiyo maana kwa saratani ya mfuko wa chakula, kabla ya kuamua upasuaji mkubwa, hospitali zenye uwezo hutanguliza laparoskopi: tundu la sentimita moja, kamera, hewa ya kaboni ya kuliinua tumbo. Kisha humiminwa maji ya chumvi, yakavutwa na kupelekwa maabara kutafutwa seli. Zikipatikana, hata kama jicho halikuona punje moja, mgonjwa huhesabiwa yuko hatua ya nne. Kamera nayo ina upungufu wake. Haina vidole. Tumbo likiwa wazi, mpasuaji hupitisha mkono nyuma ya ini, hugusa kitanda cha wengu, kisha huupitia utumbo mwembamba pingili kwa pingili kuanzia unapoanzia hadi unapoungana na ule mpana, kama mtu anayehesabu tasbihi, huku akiugeuza kila kipande pande zote mbili. Niliwahi kumsikiliza muuguzi wa thieta akieleza kwamba sehemu hiyo ndiyo chumba kizima hunyamaza, maana daktari huwa anahesabu kwa sauti ya chini na mwenzake anaandika. Anaandika, kama kuna karatasi ya kuandikia.

Sasa ile imani ya kisu. Kwamba saratani "ikipigwa na hewa inachachamaa" nimeisikia kwa watu wa kila daraja, wakiwemo waliosoma. Ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ila haikutoka patupu, na anayeidharau hatamshawishi mtu. Imetokana na macho: watu wetu hufika hospitali wakiwa wamechelewa, hufunguliwa wakiwa katika hali mbaya, na hufariki majuma machache baadaye. Anayetazama nje ya mlango huona kisu, kisha huona jeneza. Asichokiona ni miezi minane ya tumbo kujaa, dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo zilizonunuliwa dukani, na kombe lililonywewa kabla ya kisu kuja. Tena ipo chembe ya ukweli ndani yake: kivimbe cha ovari kilichokuwa kimejifunga, kikipasuka mkononi mwa mpasuaji, hubadilisha hatua ya ugonjwa kwenye vitabu, na ndiyo sababu mpasuaji makini hukitoa kizima. Katika miaka ya 1990 madaktari wenyewe walishikwa na hofu baada ya kuona saratani ikiota kwenye matundu ya laparoskopi. Hawakuishia kwenye hofu, walipima. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, wenye wagonjwa 872 wa saratani ya utumbo mpana, ulikuta saratani imerudi kwenye kidonda kwa chini ya asilimia moja, waliopasuliwa wazi na wa matundu sawasawa. Hewa haikuhusika. Na katika laparoskopi hewa ya kawaida hata haiingii, kinachojazwa ni kaboni dioksidi. Kinachoeneza saratani ya tumboni ni muda.

Hukumu ile nyingine, kwamba kufunga bila kukata ni kushindwa, imejificha zaidi. Upasuaji wa saratani iliyotapakaa huwa na maana pale tu inapowezekana kuondoa yote yanayoonekana, au kubakiza vipande visivyozidi milimita mbili na nusu. Ukipunguza nusu ukaacha nusu, kwa saratani nyingi za tumboni umempa mgonjwa maumivu, umechelewesha kemo yake kwa majuma kadhaa, na umeifunua mikunjo ambayo seli zilizobaki zitajishikiza kwenye makovu, ili atakayefungua mara ya pili akute msitu. Kwa hiyo mpasuaji aliyefungua, akatazama, akachukua vipande vya kupima, akaandika hesabu yake na kufunga pasipo kugusa zaidi, huenda amefanya kazi bora kuliko yule aliyetoka thieta na bonge kwenye sinia kuwaonyesha jamaa. Sisi lakini tunampongeza huyu wa sinia.

Halati yangu alifungwa hivyo miaka michache iliyopita, katika hospitali nisiyotaka kuitaja, usiku, baada ya utumbo kuziba ghafla. Aliyekuwa zamu alifanya lililotakiwa: aliuzibua utumbo, akamwokoa. Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa na mistari miwili kwa Kizungu, na neno zito humo lilikuwa na maana ya "haupasuliki". Binamu yangu aliikunja karatasi ile ndani ya bahasha ya kaki, akapanda nayo treni ya SGR hadi Nairobi pamoja na mamake. Daktari bingwa aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama pana jingine, kisha akauliza swali moja: utumbo mwembamba ulikuwaje? Hakuna aliyejua. Mtu pekee aliyeuona tumboni mwa halati alikuwa Mombasa, ameshafungua matumbo mengine mengi tangu siku hiyo. Ikabidi atiwe dawa ya usingizi tena, kamera ipite tena, ili kupata habari iliyokuwa imeonwa tayari.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito zaidi, na hawa nawaheshimu. Wanasema: unampimia nini mtu usiyeweza kumtibu? Upasuaji ule mkubwa wa kung'oa utandawazo huchukua saa nyingi, unataka damu, chumba cha wagonjwa mahututi na timu iliyoufanya mara nyingi. Ile tiba ya kuosha tumbo kwa kemo iliyopashwa moto hadi digrii 41 au 43 ndiyo mbali kabisa na mkono wa mtu wa Likoni. Kumpa namba, wanasema, ni kumwonyesha mwenye njaa bei ya pilau. Nimeifikiria hoja hii kwa muda mrefu na bado naona imeelekea upande usio wake. Kwanza, mashine ile ya moto siyo iliyobeba mzigo wote. Wafaransa waliwafuatilia wagonjwa 265 wenye saratani ya utumbo mpana iliyosambaa tumboni, wote wakiwa na jumla isiyozidi 25. Wote walipasuliwa ikatolewa yote au karibu yote, nusu yao wakaoshwa kwa dawa ya moto, nusu hawakuoshwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha muda wa kati wa kuishi ni miezi 41.7 kwa waliooshwa na 41.2 kwa wasiooshwa. Kilichowafikisha hapo ni kuchaguliwa vizuri na kukatwa vizuri. Kwa ovari hali ni tofauti: Waholanzi mwaka 2018 walipata nyongeza ya karibu mwaka mmoja kwa waliooshwa, kwa hiyo simwambii mtu kwamba tiba ile ni bure. Nasema kwamba msingi wake, huko kwenye pesa na huku kwetu, ni ile hesabu ya maeneo 13.

Pili, namba hutumika sana kwa kukataa. Hapa ndipo naona familia za Pwani zinaumia bila sababu. Mgonjwa mwenye "imeenea" isiyo na kipimo hupelekwa popote: shamba la Kilifi linauzwa, harambee inafanywa uwanjani, tiketi ya India inakatwa, na huko anafunguliwa na kufungwa vilevile. Mwenye punje juu ya utumbo wote angeweza kuambiwa mapema kwamba kisu hakitamsaidia, akaanza kemo au tiba ya kupunguza maumivu akiwa nyumbani, na shamba likabaki kwa watoto. Na yule mwenye 9 asingepotea kwenye lundo la waliokatiwa tamaa. Huyu mwenye 9 ndiye anayeninyima usingizi, kwa sababu hatujui wako wangapi.

Kuna na pingamizi la kitaalamu, nalo ni la kweli. Hesabu hii ni ya jicho, na macho hutofautiana. Kovu la upasuaji wa zamani hufanana na saratani, na punje iliyokufa kwa kemo hufanana na iliyo hai, hivyo bila kipande kwenda maabara alama huwa ni makisio. Utumbo ulioshikana huficha maeneo mazima. Namba ndogo nayo huweza kudanganya: punje chache zikikaa kwenye shina la mishipa inayolisha utumbo, jumla ni 4 na bado hakuna wa kuzigusa. Yote haya nayakubali. Lakini presha nayo hupanda na kushuka kati ya mkono wa muuguzi mmoja na mwingine, na hatujaacha kuiandika. Dawa ya tofauti za macho ni kuandika zaidi: maeneo 13, alama kwa kila moja, mstari wa kueleza lile lisiloonekana na kwa nini, na picha mbili tatu. Upasuaji wa dharura usiku wa manane hauruhusu ukaguzi kamili, mgonjwa hawezi kulala wazi kwa ajili ya takwimu. Basi yaandikwe maeneo sita yaliyoonekana na yale saba yaachwe wazi. Nafasi iliyoachwa wazi kwa makusudi ni habari pia.

Sheria iko upande wetu kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali ya afya yake, na afanye hivyo kwa lugha anayoielewa. Kwa mtu wa Changamwe lugha hiyo si ile ya mistari miwili ya karatasi ya halati. Inawezekana kabisa kumwambia Bi fulani kwa Kiswahili: tumbo lako tulilikagua sehemu kumi na tatu, tukakuta ugonjwa sehemu tano, utumbo mwembamba ni safi, jumla yako ni kumi na moja, na maana yake ni hii. Nimeijaribu sentensi hiyo kwa watu wawili wasio wa fani hiyo, wote waliielewa mara ya kwanza, na mmoja akauliza swali bora kuliko langu: je, baada ya kemo huhesabiwa tena? Ndiyo, huhesabiwa tena, na kushuka au kupanda kwake ndiko kunakoamua kinachofuata. Hospitali Kuu ya Pwani hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Karatasi moja inayofanana katika thieta zote hizo, ikisafiri na mgonjwa badala ya kubaki kichwani mwa daktari, ingepunguza safari za Nairobi zinazoanza upya kutoka sufuri.

Hatari ninayoiogopa iko kwingine, na wanaoniunga mkono huwa hawaipendi nikiitaja. Namba ikishaingia kwenye fomu, itaingia pia kwenye dawati la anayeidhinisha malipo. Haitachukua muda kabla karani fulani hajaweka mstari: zaidi ya 20, hailipwi. Mstari huo ungekuwa na sura ya sayansi na ungewaua watu wasiostahili kufa, kwa sababu saratani zote si moja. Ipo ile ya kidole tumbo inayojaza tumbo ute mzito kama uji wa wanga. Wenye ugonjwa huo hufika thieta wakiwa na jumla ya 25 au 30, na bado mkusanyo wa kimataifa wa wagonjwa 2,298 uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba asilimia 63 walikuwa hai baada ya miaka kumi tangu kufanyiwa upasuaji ule mkubwa na kuoshwa kwa kemo. Mwenye saratani ya mfuko wa chakula na jumla ya 15 hana bahati hiyo. Kwa hiyo namba isomwe na jopo la madaktari wanaojua jina la saratani yenyewe, na nakala yake iwe mkononi mwa mgonjwa kabla haijafika kwa mlipaji, ili atakapoambiwa hapana awe na cha kubishania.